Neno la Dakika ya Arobaini na Moja

Elimu haina mwisho, husema watu.
Ya kwetu inao: saa sita usiku,
tarehe thelathini na moja Desemba,
na faini juu yake.

Zimebaki siku tatu, nami nadaiwa saa moja ya maadili.
Basi Jumapili, nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
nimepanda ngazi hadi ofisini, juu ya duka la mabomba,
nimeelekeza hita kwenye vifundo vya miguu,
nimevaa koti la mahakamani kwa ajili ya kamera
na suruali ya kulalia kwa ajili yangu.

Zamani tuliendesha gari hadi Bismarck,
tukala kuku mkavu wa hoteli,
tukamcheka jaji mstaafu aliyesinzia
katikati ya mhadhara wake mwenyewe.
Sasa Bismarck imenijia, imekaa mezani,
upana wake inchi kumi na tatu.

Mkufunzi ni Offerdahl, wa Fargo.
Nyuma yake kuna rafu ya vitabu isiyokuwapo;
kila akigeuka, rafu inamla sikio.
"Mahali fulani katika kipindi," anasema,
"litatokea neno. Liandikeni.
Bila neno hilo, saa hii si saa."

Gunderson wa Minot amezima kamera.
Najua alipo: juu ya ziwa lililoganda,
sikio kwa Offerdahl, jicho kwenye tundu la barafu.
LaVonne Youngbird wa New Town anatikisa kitoto begani,
na kitoto ndicho pekee kati yetu
kinachomkazia macho mwalimu.

Dakika ya thelathini na nane, buti kwenye ngazi.

"Niliona taa," akasema Delmer Krogstad,
kama mtu anayeomba radhi kwa kuwa na macho.
Mkononi boksi la viatu.
Ndani, risiti za mbegu za tangu kaka yake yu hai,
na chini kabisa barua ya benki, haijafunguliwa.
Ameilalia wiki mbili.
Nikaichana kwa kisu cha siagi.
Alhamisi wanakuja kuchukua kombaini.

Hakusema kitu. Alitazama skrini,
visanduku vile vya vichwa,
akavua kofia kuwaamkia.
"Una wageni. Wanasemaje?"
"Wanasema nisimwache mteja akiwa taabani."
Akafikiri.
"Hilo nalo hufundishwa?"

Nikavuta kiti. Nikamuuliza nani alitia sahihi, lini,
mbele ya nani, na kama Orrin wakati huo
alikuwa bado anajua jina lake.
Hapo alilia kidogo, kwa pua tu, kama wanaume wa huku.
Nilipoinua macho, Offerdahl alikuwa ameuliza kama kuna maswali,
na neno lilikuwa limekuja, likapita.

Simu ikatetema. Gunderson:
"KABICHI. Usiniulize kwa nini."

Fomu ilikuwa wazi mbele yangu,
nafasi moja tupu, upana wa herufi saba au nane,
na chini yake: *Nathibitisha kwamba nilihudhuria.*
Delmer alikuwa anapanga risiti kwa miaka,
anakosea, anaanza upya.
Nilihudhuria, ndiyo. Nilihudhuria kitu.
Nikaandika K. Nikaifuta.

Jumanne nimelipa tena dola sabini na tano,
kipindi kilekile, rafu ileile, sikio lilelile.
Nimekaa mikono mapajani, mlango nimeufunga kwa ufunguo,
na kila ubao uliolia kwenye ngazi
umenikosesha sentensi nzima.
Safari hii neno lilikuwa "kandili". Nimepewa saa yangu.

Kombaini bado iko uani kwa Krogstad, theluji hadi magurudumu;
hakimu ametupa hadi Februari, zaidi ya hapo sijui.
Malipo aliyaacha mlangoni jana, hakubisha:
soseji za kulungu, ratili nne,
zimefungwa kwa gazeti.
Sijui nitaziandika wapi.